Maswali ya Wasomaji: Wajukuu Wanapopiga Picha na Bibi Yao

SWALI: Kila Desemba ukoo wetu hukutana Lushoto, na safari hii wajukuu wote 11, kuanzia wa miaka 2 hadi wa miaka 19, watakuwa pamoja na bibi yao kwa mara ya kwanza. Tungependa wapige naye picha moja nzuri. Tatizo ni kwamba bibi, ambaye amevuka miaka 80, hataki. Mwaka jana alituuliza, “Mnanitafutia picha ya kubeba mbele ya jeneza?” Hata anapokubali, hukaza uso kana kwamba anapigwa picha ya pasipoti. Je, tumsihi au tumwache? Na tukifanikiwa, watu wote hao tuwapange vipi?
Mama wa Wawili, Tanga

JIBU: Tuanze na maneno ya bibi mwenyewe, kwa sababu amesema kweli. Katika nyumba nyingi za kwetu, picha kubwa ya mzee iliyotiwa fremu hutengenezwa siku za msiba wake: hutafutwa picha yoyote aliyopigwa harusini, sura yake ikakatwa kutoka katikati ya watu wengine, ikakuzwa harakaharaka, kisha ikabebwa mbele ya jeneza na kuchapishwa kwenye ratiba ya mazishi. Mtu wa umri wake amehudhuria misiba mingi ya namna hiyo, na akiona watoto wake wameshupalia picha bila sababu anayoijua, hupata sababu yake mwenyewe. Kwa hiyo msimweleze kwamba mnataka ukumbusho, maana hicho ndicho anachokikwepa. Mwambieni kwamba picha ni yake, kwamba itatundikwa sebuleni kwake mahali atakapopachagua, na kwamba atakabidhiwa mkononi kabla ninyi hamjarudi mjini. Ahadi hiyo ya mwisho itimizeni.

Anayeomba naye ana uzito wake. Binti au mkwe akiomba, bibi husikia amri iliyovikwa adabu. Mjukuu akiomba, husikia utani. Katika jamii zetu nyingi bibi humwita mjukuu wa kiume mume wake na wa kike mke mwenziwe, na ndani ya utani huo huombwa na kukubaliwa mambo ambayo watoto wa kuwazaa hawathubutu hata kuyagusia. Mtumeni “mume” wa miaka saba akamwambie kwamba anataka kupiga picha na mkewe. Akikataa hata hapo, mwacheni, wala msimvizie akiwa jikoni au akisinzia, kwa kuwa picha hiyo itamfikia tu siku moja kupitia simu ya mtu, na mwaka unaofuata hatatoka hata barazani. Wapo pia wazee wanaokataa kwa sababu ya imani yao, na hao hawabishaniwi.

Kuhusu kukaza uso, wasomaji wengi huamini kwamba wazee hawakuzoea kutabasamu kwa sababu kamera za zamani zilikuwa za polepole. Hilo ni kweli kwa kamera za miaka ya 1840, ambazo zilimtaka mtu atulie kwa muda mrefu bila kutikisika, lakini halimhusu bibi yenu. Alipokuwa msichana, kamera ilikuwa tayari inanasa sura kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kilichokaza nyuso ni gharama na heshima. Filamu ya namba 120, katika kamera za picha za mraba, ilitoa picha 12 tu. Watu walivaa nguo zao bora wakaenda studio, kama ile ya Capital Art iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mjini Zanzibar mwaka 1930, wakajipanga mbele ya pazia, wakapigwa mara moja au mbili, kisha wakarudi siku nyingine kuchukua picha iliyosafishwa. Mtu hakwenda pale kuchekacheka. Mgongo wima, mikono juu ya magoti, macho kwenye kamera: hivyo ndivyo alivyokaa mtu anayejiheshimu, na bibi anawaonyesha kwamba anajiheshimu.

Mpeni basi picha hiyo kwanza, kama anavyoitaka. Akae wima, wajukuu wasimame wamenyooka, pasiwe na anayemwambia “cheka, bibi”, kwa sababu tabasamu la kuagizwa huonekana mdomoni tu na macho hubaki yakiuliza kulikoni. Mkimaliza, mpiga picha aseme kwamba kazi imekwisha, lakini asishushe kamera. Picha ambayo ninyi wazazi mnaitaka hupatikana katika nusu dakika inayofuata, pale mdogo anapomkimbilia bibi mapajani, mkubwa anapoinama kumrekebishia kanga, naye bibi anapoanza kuwatania walivyosimama kama askari. Siiti huo udanganyifu, mradi amekwisha kubali kupigwa picha na ataonyeshwa zote kabla haijachaguliwa yoyote. Na haki ya kuchagua iwe yake, hata kama atachagua ile ambayo mjukuu mkubwa amefumba macho.

Sasa mpangilio. Lushoto mna bahati, kwa sababu ukungu wa asubuhi milimani hulainisha mwanga na kuufanya uzienee nyuso zote sawasawa. Jua likishawaka, tafuteni kivuli cha baraza ambapo watu wanatazama upande wa uwazi wenye mwanga. Epukeni saa sita hadi saa tisa mchana, wakati jua la utosini linapotia weusi kwenye mashimo ya macho. Epukeni pia ukuta mweupe unaong’aa nyuma ya watu wenye ngozi nyeusi, kwa kuwa simu hujipimia mwanga yenyewe, huuona ukuta, hupunguza mwanga wa picha nzima, na nyuso zenu zote hugeuka vivuli. Mkiwa hamna pengine pa kupigia, gusa uso wa bibi kwenye kioo cha simu ili upimwe mwanga wa uso na si wa ukuta. Flashi haihitajiki, mzee mwenye mtoto wa jicho husumbuliwa sana na mwako wa ghafla, na mwenye miwani hutoka na madoa mawili meupe mahali pa macho.

Bibi akae kwenye kiti chake mwenyewe chenye mgongo na mikono, si stuli wala kochi linalomzamisha hadi magoti yakapanda juu ya tumbo. Wajukuu wafupi waketi mkekani mbele, lakini wasimzibe miguu. Wa kimo cha kati wasimame ubavuni kwake, mabega yao yakaribiane na kichwa chake. Warefu wakae nyuma. Yule wa miaka miwili asipakatwe na bibi ikiwa bibi ana maumivu ya magoti au nyonga, kwa sababu mtoto wa umri huo hujirusha bila taarifa. Mpakatisheni mjukuu mkubwa aliyeketi karibu, ili bibi aweze kumshika mkono tu. Mpiga picha naye apige magoti, kamera iwe kwenye usawa wa macho ya bibi. Akipiga akiwa amesimama, bibi ataonekana mdogo na wajukuu wa mbele wataonekana paji za nyuso tupu.

Hakuna kamera inayowapata watu 12 wakiwa wamefumbua macho kwa pigo moja. Pigeni mfululizo, mara 20 au zaidi kwa kila mkao, na kabla ya kila mkao mtu mmoja ahesabu kwa sauti hadi tatu akiwa amesimama karibu na kamera, ili bibi ambaye pengine hasikii vizuri ajue pa kutazama. Zoezi lote lisizidi robo saa. Watu wawe wamekwisha kula, mdogo awe amekwisha lala usingizi wake wa mchana, na kiti kiwe kimewekwa mahali pake kabla bibi hajaitwa. Mara nyingi bibi huitwa kwanza, akakalishwa juani, halafu ndipo wanaanza kutafutwa wajukuu waliokwenda dukani. Huyo hata akikaza uso, ana haki.

Mkishaisafisha picha, geuzeni nyuma muandike kwa penseli laini, bila kukandamiza, majina ya watu wote kutoka kushoto kwenda kulia, majina ya wazazi wa kila mtoto, mahali na tarehe. Kalamu ya wino huacha mfereji unaojitokeza mbele, na wino wenyewe unaweza kupenya ama kuhamia kwenye picha iliyolaliwa. Msiseme kwamba kila mtu anawajua hao. Vitukuu hawatawajua.

SWALI: Kaka yangu alinitumia kwa WhatsApp picha aliyopiga ya watoto wetu wakiwa na babu. Kwenye simu inapendeza, lakini studio walipoikuza iweze kuingia kwenye fremu kubwa ilitoka na ukungu. Kosa ni la studio?
Baba Mkubwa, Morogoro

JIBU: Yaelekea si la studio. Picha inapotumwa kwa njia ya kawaida ya WhatsApp hupunguzwa ili isile bando, na kilichopunguzwa hakirudi. Kwa usafishaji mzuri huhesabiwa nukta 300 kwa kila inchi, hivyo picha ndogo ya sentimita 10 kwa 15 huhitaji pikseli takriban 1,200 kwa 1,800, ilhali ya sentimita 30 kwa 40 huhitaji takriban 3,500 kwa 4,700. Picha iliyopita WhatsApp huitosha ile ndogo, au huikaribia, na huishindwa ile kubwa. Mwombe kaka yako akutumie upya ile ya awali iliyomo ndani ya simu yake kama hati badala ya picha, au aihamishe kwa kifaa cha kuhifadhia kumbukumbu mtakapoonana. Mwombe mapema, kabla hajabadilisha simu.

SWALI: Tunayo picha moja tu ya mama yangu akiwa mtoto, amesimama na dada zake pembeni mwa nyanya yao, iliyopigwa studio Mombasa. Ni ya rangi nyeusi na nyeupe, ina kingo zenye meno, na imekaa kwenye fremu tangu sijazaliwa. Nilipotaka kuitoa ili niwatolee binamu zangu nakala, nikakuta imenata kwenye kioo. Nimeambiwa niiloweke kwenye maji ya uvuguvugu. Nifanye hivyo?
Bi. Mdogo, Likoni

JIBU: Usiiloweke, usiivute, wala usipitishe kisu katikati. Sura iliyo kwenye picha ya namna hiyo imo ndani ya utando mwembamba wa jelatini, ambayo hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama; ikinyonya unyevu wa pwani hulainika na kushikana na kioo kama gundi, na ikikauka hubaki hapohapo. Ukivuta karatasi, sura hubaki kwenye kioo. Maji huweza kuiachia wakati mwingine, lakini pia huweza kuuyeyusha utando mzima iwapo ukungu umekwisha kuula, na wewe unayo picha moja tu.

Habari njema ni kwamba nakala haihitaji picha itoke. Fungua fremu kwa nyuma, acha picha na kioo chake vikiwa pamoja, futa upande wa nje wa kioo kwa kitambaa kilichonyevushwa kidogo tu, kisha vipeleke kwenye studio yenye skana ya kulaza. Waombe waisome kwa nukta 600 kwa inchi au zaidi, kwa sababu picha za studio za wakati ule huwa ndogo lakini zina mambo mengi ndani yake: utaona mpaka ushanga wa shingoni na fundo la kanga. Skana ikikosekana, kiegemeze kioo ukutani karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, tundika buibui au shuka jeusi nyuma yako ili mng’ao wako na wa chumba usiingie kwenye kioo, zima flashi, na upige kwa simu ukiwa umeilinganisha sawasawa na picha. Lile shuka jeusi ndilo linalofanya kazi. Bila hilo utapata picha ya nyanya yenye kivuli chako kifuani pake.

Nakala ikishapatikana, rudisha asili yake ndani ya bahasha ya karatasi ikiwa bado kwenye kioo, uiweke kabatini penye ukavu, mbali na ukuta wa nje na mbali na mende. Utakayotundika ni nakala, na safari hii pawe na ukingo wa kadi unaoitenganisha picha na kioo. Usiitie plastiki ya moto, na ukwepe albamu zile zenye kurasa za gundi, maana baada ya miaka kadhaa utakuwa na tatizo hilihili. Na ikiwa mama yako yupo na bado ana kumbukumbu zake, mwonyeshe nakala iliyokuzwa na umwulize kila aliyemo ni nani. Geuza pia upande wa nyuma wa picha: studio nyingi ziligonga muhuri wao hapo, na huenda ukapata jina la studio ama mwaka.

SWALI: Ninaishi Muscat na watoto wangu watatu. Babu yao yuko Pemba, hasafiri tena, nasi hatukujaliwa kwenda kwa miaka kadhaa. Kijana mmoja amejitolea kuwaunganisha kwa kompyuta waonekane wamekaa pamoja na babu yao barazani kwake. Mke wangu anasema ni uongo. Mimi naona ni mapenzi.
Abu Watatu, Oman

JIBU: Huenda nyote wawili mko sahihi, lakini ningesimama na mkeo. Kuunganisha picha si jambo jipya pwani yetu. Omar Said Bakor wa Lamu alijulikana kwa picha zake za kuunganisha muda mrefu kabla ya kompyuta kuingia nyumbani. Tofauti ni kwamba zile zilijionyesha wazi kuwa ni kazi ya mikono, uso ndani ya ua au juu ya mandhari isiyowezekana, na aliyezitazama hakudhani kwamba mambo yalitokea hivyo. Ya kijana wako itakusudiwa isitambulike. Mtoto wako mdogo atakua akiamini kwamba aliwahi kupakatwa na babu yake, na siku akijua kwamba hakupakatwa, hataacha kuzishuku picha nyingine ulizomwekea.

Ipo njia ambayo haidanganyi mtu. Safisha picha kubwa ya watoto na uipeleke Pemba kwa mkono wa msafiri. Babu akae barazani kwake, aishike mapajani, apigwe picha. Ile ya babu nayo ije Muscat, watoto waishike wakiwa wamekaa kwa mpangilio uleule, mkubwa katikati. Tundikeni zote mbili sambamba, huko na huku. Atakayezitazama ataona babu na wajukuu waliotengana kwa bahari na ambao kila upande ulihangaika kumpata mwenzake, jambo ambalo ni kweli tupu. Na kama bado unaipenda ile ya kompyuta, itengenezwe, lakini pembeni yake iandikwe waziwazi kwamba imeunganishwa, na mwaka utajwe. Msafiri akipatikana, mpe pia maswali ya watoto ayapeleke, maana babu atakuwa ameketi na kamera ipo, na kurekodi sauti yake akijibu hakuongezi gharama.

SWALI: Wifi yangu huweka kwenye Facebook kila picha ya watoto wangu wakiwa kwa nyanya yao, zikiwamo za wakiogeshwa uani na za wakiwa na sare za shule. Nikimwambia, hujibu kwamba ni wajukuu wa mama yake na picha ni za ukoo. Sheria inasemaje?
Mama Pacha, Nakuru

JIBU: Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kushughulikiwa, na Tanzania nayo ina sheria yake ya mwaka 2022 ya kulinda taarifa binafsi, lakini sheria hizo zimelenga zaidi taasisi na wafanyabiashara kuliko shangazi mwenye simu. Ukimpelekea wifi yako vifungu vya sheria, utashinda hoja na kupoteza Krismasi.

Zitenganishe picha zenyewe. Za kuogeshwa ziondolewe leo, wala hapo hapana mjadala, kwa sababu picha ya mtoto akiwa uchi ikishatoka haijulikani inaishia mikononi mwa nani. Za sare zinamwambia mtu asiyewajua watoto wanasoma wapi, hivyo nazo ziondolewe, au beji ya shule ifichwe. Zilizobaki, za watoto wakimenya mahindi na nyanya yao au wakimsukia nywele, mnaweza kukubaliana zibaki kwenye kundi la WhatsApp la familia, ambako wanaowajua watazifurahia. Mazungumzo hayo yaanzishwe na mumeo, kwa kuwa yule ni dada yake, na likitoka kwake halitaonekana kuwa ni mke anayewatenga watoto na ukoo.

Halafu aulizwe mtu ambaye nyote wawili hamkumwuliza. Nyanya naye amo ndani ya picha hizo, pengine akiwa na nguo za kazi na kichwa wazi, na inawezekana hajui kwamba watu asiowajua wameziona. Kaeni naye, mwonyesheni kwenye simu zilivyopangwa na maoni yaliyoandikwa chini yake, na mumsikilize. Wifi yako hawezi kumbishia mama yake kwamba picha ni za mama yake.